Solo Inapotea, Sauti Iko Bombani, Wimbo Umekonda: Kisa cha Studio Moja ya Mtwara

Studio yenyewe ni chumba kimoja cha nyumba ya kupanga huko Magomeni, Mtwara Mjini. Kuta zimefunikwa sponji na mapazia mazito. Mezani kuna kompyuta mpakato, kibodi, kadi ya sauti yenye matundu mawili ya hedifoni, na hedifoni mbili za studio za aina moja, moja ya prodyuza na nyingine ya mwimbaji. Wateja walikuwa kwaya ya Masasi. Walichangishana baada ya malipo ya korosho, wakapanda basi la alfajiri, wakapita Ndanda, Nyangao, Mtama na Mikindani hadi mjini. Nyimbo za mwanzo walikwisha kuzirekodi katika safari iliyotangulia. Safari hii walikuja kumalizia zilizobaki, na jioni walitakiwa wawe njiani kurudi.

Mimi ni fundi wa vifaa vya sauti, na prodyuza alinipigia wakati kwaya imekwishakaa barazani inasubiri.

"Fundi, njoo na mita yako. Solo inapotea kwenye miksi, mama anayeongoza anasema anajisikia kama yuko ndani ya bomba, halafu zile nyimbo za mwanzo wananiambia zimekonda. Nadhani kadi imekufa."

Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu ya neno hilo la mwisho. Malalamiko matatu yalikuja kwa pumzi moja, na aliyeyasema alishayaunganisha kuwa ugonjwa mmoja wenye jina moja. Kama ningeingia na jina hilo kichwani, kadi nzima ingebadilishwa kwa fedha ambayo studio hiyo haina, na siku ya pili matatizo yote matatu yangekuwepo palepale.

Nani anasikia nini, akiwa wapi

Nilipofika sikugusa kitu. Nilisalimia wazee barazani, nikaingia ndani, nikamwuliza kila mmoja peke yake anasikia nini hasa.

Mama kiongozi alisema sauti ya bomba inakuja anapoimba tu. Wakimrudishia alichorekodi, anajisikia sawasawa. Prodyuza alisema solo inapotea kwenye hedifoni yake muda wote, wimbo unaporekodiwa na unapochezwa tena. Mwalimu wa kwaya naye alisema hapo studio hana tatizo, ila nyimbo walizotumiwa zimekonda kwenye simu za watu, na zimekonda zaidi kwenye spika za kanisani: ngoma hazina kifua, besi ya kibodi haisikiki.

Majibu hayo matatu yalikwishanipa nusu ya kazi. Sauti katika studio ina safari: inatoka kwenye maiki, inaingia kwenye kadi, inapanda kwenye kompyuta, inapita ndani ya programu ya kurekodia, inarudi kwenye kadi, inashuka kwenye hedifoni. Baadaye programu inatoa faili, na faili linaondoka kwenda duniani. Mama analalamikia kitu kilichopo anapoimba na kisichopo anaporudishiwa, kwa hiyo rekodi ni safi, na kasoro iko kwenye njia inayomrejeshea sauti yake papo hapo. Prodyuza analalamikia kitu kisichojali kama ni kurekodi au kucheza, kwa hiyo kiko mwisho wa safari, karibu na sikio lake. Mwalimu analalamikia faili lililokwisha kutoka, tena kwenye spika ambazo hazijawahi kuiona studio hiyo. Hapo hapakuwa na ugonjwa mmoja.

Kwa nini basi viliunganishwa? Kwa sababu vilifanana juujuu. Hedifoni ya prodyuza ilikuwa imepunguza solo, lakini ilikuwa imepunguza pia besi na kiki (kishindo cha ngoma kubwa). Yeye aliposikia besi imepungua akakumbuka malalamiko ya kwaya kwamba nyimbo zimekonda, akaona ni jambo lilelile. Halafu akafanya wanachofanya wengi wakibanwa na muda: alibadilishana hedifoni na mama, akapunguza bafa (foleni ambamo sauti husubiri kidogo ndani ya kompyuta), akabadili hali ya plagini (programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya kurekodia), vyote kwa mkupuo mmoja. Mama alipovaa hedifoni ya prodyuza alisema sasa hajisikii kabisa. Hapo ndipo kadi ilipohukumiwa.

Mita inasema ipo, sikio linasema haipo

Nilianza na solo, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa inamzuia prodyuza kufanya uamuzi wowote wa haki kuhusu miksi.

Aliniambia aligundua tatizo kwenye wimbo wa Kimakua. Zile za Kiswahili hakushtuka mapema, maana maneno anayajua na sikio lilikuwa linajazia lenyewe. Yeye ni Mmakonde wa Newala, Kimakua hakijui, na solo ilipofifia hakuwa na cha kujazia. Alisikia viitikio, vinanda, na mwangwi wa mtu anayeimba mbali, bila mtu mwenyewe.

Nikavaa hedifoni yake. Ilikuwa hivyohivyo alivyosema. Sauti za pili na za tatu zilikuwa wazi kushoto na kulia. Kinanda kilijaa. Riverbu ya solo, yaani mwangwi wa kutengenezwa, ilikuwepo, tena nyingi. Solo yenyewe ilikuwa kivuli. Nikatazama skrini: mita ya chaneli ya solo ilikuwa inaruka karibu na wekundu, maana prodyuza alikuwa ameipandisha na kuipandisha akitafuta kuisikia.

Hicho ndicho kipande cha ushahidi kinachotakiwa kumfanya mtu aache kugusa fada, kile kitelezo cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli. Mita ya programu inapoonyesha sauti kubwa na sikio halioni kitu, kilichoila sauti hiyo kiko baada ya mita. Kupandisha fada ni kumwaga maji zaidi kwenye mrija uliopasuka mbele.

Tena kilichopotea kilikuwa na mpangilio. Vitu vilivyopotea ni vile ambavyo kwa desturi huwekwa katikati ya stereo: solo, kiki, besi. Vilivyobaki ni vile vilivyosukumwa pembeni, pamoja na riverbu, ambayo kushoto kwake na kulia kwake havifanani. Ukisikia mpangilio huo, shuku waya wa ethi kabla ya kitu kingine chochote.

Sababu yake ni hii. Jeki ya hedifoni ya stereo ina sehemu tatu: ncha hubeba kushoto, pete hubeba kulia, na shina ndilo ethi, njia ya kurudia ya pande zote mbili. Ethi ikikatika, umeme wa kushoto hauna pa kurudi isipokuwa kupitia spika ya kulia. Spika mbili zinakuwa zimefuatana kwenye mstari mmoja, kila moja ikicheza tofauti tu iliyopo kati ya kushoto na kulia. Sauti ya katikati ipo sawa pande zote mbili, na ukitoa kitu kutoka kwa kilicho sawa nacho unabaki na sifuri. Kwaya iliyotandazwa pembeni haifutiki. Mwimbaji aliyesimama katikati anafutika.

Kuna jaribio la sekunde chache ambalo napenda kila mwenye studio alijue. Bonyeza kitufe cha mono kwenye chaneli ya Master, ile inayokusanya sauti zote. Hedifoni nzima itaendelea kucheza, sauti zote zikikusanyika katikati ya kichwa. Hedifoni iliyokatika ethi itanyamaza au itabaki na mnong'ono, kwa sababu katika mono kushoto na kulia ni kitu kimoja na hakuna tofauti ya kucheza. Nilibonyeza, hedifoni ya prodyuza ikazimika. Nikamvisha ile ya mama, muziki ukajaa. Alizitazama zote mbili mkononi, halafu akaitazama kadi.

Ili kuiondoa kompyuta kabisa kwenye kesi, nilichomeka hedifoni mbaya kwenye simu yangu na kupiga wimbo ninaoujua. Mwimbaji akapotea vilevile. Simu haina programu ya kurekodia wala kadi ya studio. Nikafungua kiungo kinachokuza jeki kutoka milimita 3.5 kwenda 6.35, kwa kuwa mara nyingi viungo hivyo hulegea. Tatizo likabaki. Basi ni jeki yenyewe au waya ulio karibu nayo, na nilipoupinda waya pale unapoingilia kwenye jeki, solo ilirudi kwa muda mfupi ikaondoka tena.

Mita ya mkononi ikathibitisha. Hedifoni hizi ni za omu 80. Kwenye nzima, kati ya ncha na shina nilipata karibu na 80, kati ya pete na shina vilevile, na kati ya ncha na pete karibu mara mbili yake, huku kila mguso ukitoa mlio mdogo wa "tik" ndani ya kikombe cha hedifoni. Kwenye mbovu, ncha na pete zilitoa namba ileile maradufu, lakini kutoka upande wowote kwenda kwenye shina namba ilikuwa inarukaruka hadi maelfu na kupotea. Spika zote mbili nzima, njia ya kurudi imekufa.

Nilipoikata jeki nilikuta nyuzi za ethi zimeota kutu ya kijani na nyingi zimekatika. Mji wetu uko baharini, upepo wa chumvi unaingia hata kwenye vyumba vyenye madirisha yaliyofungwa, na shaba iliyoguswa na jasho la mkono haina muda mrefu. Kuzungushia waya kwenye hedifoni kwa kuukaza kila baada ya kazi ndiko kulikomalizia, maana waya unapindwa palepale kila siku.

Kwa anayetaka kulitengeneza mwenyewe, kuna mambo mawili yanayowakwamisha wengi. La kwanza ni kwamba nyuzi za waya wa hedifoni mara nyingi zimepakwa vanishi na kusokotwa pamoja na nyuzi za nailoni. Risasi ya kuchomea haishiki. Inabidi ncha za nyuzi zichomwe kwa pasi ya kuchomea pamoja na risasi mpaka vanishi iungue na shaba ing'ae. Usiamini ilivyong'aa tu, pima kwa mita kama umeme unapita. La pili ni rangi. Nyekundu mara nyingi ni kulia, lakini watengenezaji hawakuapa kiapo kimoja, kwa hiyo tafuta kwa mita kila waya unaenda kwenye spika ipi. Na kifuniko cha jeki kiingizwe kwenye waya kabla ya kuchomea, halafu kile kibanio cha ndani kishike ganda la nje la waya, kisizishike nyuzi.

Jeki mpya ilipokaa, nilibonyeza tena mono. Muziki ukabaki. Nikaondoa mono, nikampa prodyuza. Alishtuka akashusha sauti haraka: solo ilikuwa imemfokea masikioni, kwa sababu fada ilikuwa bado pale juu alikokuwa ameipeleka. Kiki na besi nazo vilikuwa vimepanda kupita kiasi. Nilimwomba afungue nakala ya mradi aliyohifadhi kabla hajaanza kupandisha vitu, na kwa bahati alikuwa nayo.

Bomba la mama

Mama akaitwa, akaimba mstari mmoja, akavua hedifoni.

"Mwanangu, bado. Bomba liko palepale."

Prodyuza alinitazama kwa macho ya mtu aliyeahidiwa kitu. Mimi sikutarajia bomba liondoke, maana hedifoni ya mama ilikuwa nzima tangu mwanzo. Lakini naelewa alivyovunjika moyo. Hitilafu mbili zikikaa pamoja, ukiondoa moja watu wanaona hujafanya kitu, na fundi mwenye haraka atairudisha aliyoiondoa akidhani alikosea. Ndiyo maana niliacha kila kitu kama kilivyo, nikaachana kabisa na solo.

Nilimwuliza mama kama bomba lilikuwepo tangu mwanzo wa siku. Akasema hapana. Asubuhi kulikuwa na kitu kingine: "Kulikuwa na mtu ananifuata nyuma, nikisema neno na yeye analisema." Baadaye prodyuza akabadilisha kitu kwenye kompyuta, yule mtu akaondoka, bomba likaja.

Maelezo hayo ni sahihi kuliko kipimo chochote. Mama alikuwa anasikia sauti yake mara mbili. Mara ya kwanza ilitoka kwenye kadi moja kwa moja, kwa kuwa kitufe cha kujisikia papo hapo kwenye kadi kilikuwa kimefunguliwa. Mara ya pili ilitoka kwenye programu, kwa kuwa chaneli yake ilikuwa imewashwa kusikiliza maiki. Ya kadi haicheleweshwi kwa namna ambayo sikio linaweza kuitambua. Ya programu inapanda, inasubiri kwenye bafa, inachakatwa, inasubiri tena, ndipo inashuka.

Asubuhi bafa ilikuwa sampuli 1024. Kwa mradi wa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 21 kwenda na 21 kurudi. Juu yake kulikuwa na plagini kwenye Master, nitakayoifikia hapa chini, iliyokuwa kwenye hali yenye kuchelewesha zaidi. Kuchelewa kwa namna hiyo sikio linakusikia kama mtu wa pili. Prodyuza akafanya alichosoma kwamba ni dawa: akashusha bafa hadi 128 na kuweka plagini kwenye hali isiyochelewesha. Ucheleweshaji wote ukashuka, programu ikionyesha karibu milisekunde 8. Mtu wa pili akasogea karibu mno na wa kwanza, sikio likashindwa kuwatenganisha, wakawa sauti moja iliyoharibika.

Watu wengi huamini kwamba kadiri bafa inavyopungua ndivyo mwimbaji anavyosikia vizuri, na hapa ilikuwa kinyume. Milisekunde 8 peke yake hazimsumbui mtu. Ni kama muda ambao sauti hutumia kusafiri chini ya mita 3 hewani, na wanakwaya huimba wakiwa mbali kuliko hapo wao kwa wao. Shida ni sauti iliyochelewa milisekunde 8 kukutana na ileile isiyochelewa. Zinakutana zikipingana kwenye hezi 62, kisha 187, kisha 312, na hivyohivyo kila baada ya hezi 125, na kuungana zikisaidiana katikati ya hizo. Sauti ya mama inatembea humohumo. Noti moja ikipanda inakuta shimo na kufifia, inayofuata inakuta kilima na kuvimba. Mwimbaji anayesikia noti zake zikivimba na kufifia bila yeye kutaka anaanza kuzifukuza, na hapo sauti inayumba hata kama anaimba vizuri tangu utoto.

Dawa ni kufunga njia moja. Nilizima usikilizaji wa programu kwenye chaneli ya mama, nikamwacha na kadi peke yake. Akaimba, akatabasamu, halafu akasema imekuwa kavu sana, kama anaimba chumbani. Hilo nalo ni dai la haki. Waimbaji wa kwaya wamezoea ukumbi, na ukiwanyima mwangwi wanajibana. Kwa hiyo chaneli yake tukaifungua tena kwenye programu, lakini fada yake ikashushwa chini kabisa, na sauti ikapelekwa kwenye riverbu kabla ya fada, riverbu yenyewe ikiwekwa itoe mwangwi mtupu bila sauti kavu hata kidogo. Sauti yake kavu inatoka kwenye kadi bila kuchelewa, mwangwi unatoka kwenye programu. Mwangwi ukichelewa milisekunde 8 au 20 hakuna anayejali, kwa kuwa hata ukumbini mwangwi huja nyuma ya sauti. Bafa tukaipandisha hadi 512 ili kompyuta ipumue, maana kwenye 128 ilikuwa inatoa mikwaruzo kila plagini zikizidi.

Mama aliomba pia sikio moja libaki wazi awasikie wenzake. Tulimkubalia, lakini tukahamishia sauti yote kwenye kikombe kilichobaki sikioni. Kikombe kinachoning'inia kikiwa kinacheza hupiga muziki kwenye maiki ya kondensa, ambayo hunasa hata sauti ndogo, na ule mnong'ono wa biti hauondoki tena kwenye rekodi.

Faili lililokonda

Lilibaki la mwalimu wa kwaya. Hapa hedifoni na maiki havihusiki tena, ila programu ya kurekebisha hedifoni inahusika sana.

Kila hedifoni ina tabia yake: nyingine inazidisha besi, nyingine inachoma kwenye herufi "s". Programu za kurekebisha huwa na wasifu wa kila aina ya hedifoni, na hupindisha sauti kinyume cha tabia hiyo ili mtu asikie kitu kilicho sawa. Ni msaada wa kweli, hasa kwa studio ya chumba kimoja isiyo na spika nzuri za kusikilizia. Lakini marekebisho hayo ni ya sikio la aliyevaa hedifoni ile tu. Ni kama miwani ya mtu. Hayatakiwi kuingia kwenye wimbo.

Prodyuza alikuwa nayo mahali pawili. Ilikuwepo kama plagini mwishoni mwa Master, na ilikuwepo pia kwenye Windows ikirekebisha kila kinachochezwa na kompyuta. Alipokuwa ndani ya programu ya kurekodia, sauti ilikwenda kwenye kadi kupitia ASIO (njia ya moja kwa moja kati ya programu na kadi), ikaruka ile ya Windows, akasikia marekebisho mara moja tu, si mara mbili, kama inavyotakiwa. Alipotoa faili, plagini ya Master ikachapishwa ndani yake. Hedifoni zake zina besi nzito, na wasifu wake unapunguza besi hiyo, kwa hiyo kila faili lililotoka lilikuwa limekatwa besi kabla halijafika kwenye simu ya mtu yeyote. Halafu alipolifungua kwenye kompyuta yake nje ya programu, ile ya Windows ikalikata tena.

Aliniambia mwenyewe kwamba alishaona hivyo: "Fundi, nikiwa ndani ni tamu, nikiekspoti nikalifungua nje ni wimbo mwingine." Akadhani ni MP3 inayoharibu, akahamia WAV. Ikawa vilevile, na lazima ingekuwa vilevile.

Kumthibitishia, tulitoa faili la wimbo mmoja mara mbili, plagini ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Tukayaingiza yote mawili kwenye mradi mtupu, tukageuza polariti ya moja (yaani mawimbi yake tukayapindua juu chini), tukayacheza pamoja kwa kiwango kimoja. Mafaili mawili yaliyo sawa kabisa yangefutana, pakawa kimya. Hapakuwa kimya. Ilibaki besi ya kibodi ikinguruma peke yake na kishindo cha kiki, bila waimbaji karibu. Kile kilichobaki kwenye spika ndicho kilichokosekana kanisani Masasi, na mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akisikia.

Ukilinganisha plagini ikiwa imewashwa na imezimwa, sawazisha sauti kwanza. Programu hizi nyingi hushusha sauti ya jumla ili marekebisho yasipite kiwango na kupasuka, na kitu chenye sauti kubwa zaidi mara nyingi kitaonekana kitamu zaidi. Wengi huizima wakasema bora bila hiyo, kumbe wamependa desibeli tu.

Mahali pa kuiweka pameandaliwa kwenye programu kadhaa. Reaper ina sehemu ya plagini za kusikilizia ambazo haziingii kwenye faili. Cubase Pro ina Control Room. Kwa wanaofanya kazi kwenye FL Studio, wakiiweka mwisho wa Master basi izimwe kabla ya kutoa faili, kila mara, na ni vizuri jina la chaneli hiyo liandikwe kwa herufi kubwa ZIMA. Ile ya Windows iachwe kwa kusikiliza nyimbo za wengine, au iondolewe kabisa. Sisi tuliiondoa. Uhakikishe pia kwamba wasifu uliochaguliwa ni wa hedifoni uliyonayo kwelikweli. Jina moja linaweza kuwa na matoleo tofauti. DT 770 Pro ya Beyerdynamic, kwa mfano, ipo ya omu 32, 80 na 250. Na kama hedifoni ni ya kuiga, wasifu wa ile halisi haukusaidii kitu. Bora kujifunza tabia yake kwa nyimbo unazozijua vizuri.

Kitu kimoja kidogo cha Windows nilikikuta nikakizima bila kungoja. Katika mipangilio ya sauti kuna sehemu ya mawasiliano inayoiagiza kompyuta ipunguze sauti nyingine kwa asilimia 80 inapohisi kuna simu. Mtu akipigiwa WhatsApp kwenye kompyuta, muziki unaweza kuzama ghafla. Chagua isifanye chochote.

Kilichookolewa na kilichorudiwa

Nyimbo za safari ya kwanza zilikuwa rahisi. Rekodi zake zilikuwa safi na miksi ilifanywa kabla jeki haijaanza kukatika, kwa hiyo zilitolewa upya plagini ikiwa imezimwa. Mwalimu alitumiwa kwa WhatsApp kama dokumenti, ili faili lisiguswe njiani. Alilicheza barazani kwa simu yake, halafu akalicheza tena karibu na sikio. Besi ilikuwepo.

Nyimbo za Kiswahili za siku hiyo zilihitaji miksi tu. Solo ikashushwa hadi ilipokuwa kwenye nakala ya zamani, viitikio vikapumua, na mizani ikapimwa kwa mono kwenye spika ya simu, kwa sababu wengi huko Masasi watazisikilizia hapohapo.

Wimbo wa Kimakua haukuokoka. Mama aliuimba wote akiwa bombani, na kwenye beti mbili sauti ilikuwa imeshuka chini ya kinanda kila alipofika kwenye noti ya juu. Kuna programu za kunyoosha noti, na prodyuza alizitaja. Nilimshauri aziache: sauti yake ilikuwa inayumba kwa sababu alikuwa anaikimbiza, na ukiinyoosha unapata noti sahihi za mtu mwenye wasiwasi. Mama mwenyewe alikwishaamua. Alikunywa maji, akavaa hedifoni, sikio moja wazi, akawataka sauti ya pili wasogee karibu na mlango awaone. Mwalimu akatoka nje kumpigia dereva wa basi amwombe asubiri kidogo.